Kipande cha Karati Kumi na Nne

Mteja alikuwa akiingia dukani na kitu kilichofungwa kwenye leso, anakaa kwenye stuli, anavuta pumzi na kuanza: "Hii ilikuwa ya mama yake bibi yangu, alipewa siku ile..." Hapo shangazi yangu aliinua kidole bila hata kumtazama usoni.

"Ngoja. Kwanza dhahabu, maneno baadaye. Hadithi haina karati."

Hakuwa mkorofi. Ndivyo alivyofanya kazi. Alikuwa ameona wanunuzi wengi wakiuziwa machozi. Ukisimuliwa jinsi marehemu alivyovua mkufu shingoni kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, jicho hulainika, na jicho lililolainika halioni shaba. Kwa hiyo mteja alinyamaza, akasikiliza feni ikilalamika darini, huku shangazi akisugua kitu chake kwenye jiwe jeusi mpaka kikaacha mstari wa manjano. Alidondoshea mstari ule tindikali kwa kijiti cha kioo, akangoja aone kama utabaki au utafifia. Kisha lenzi, kisha mizani. Akishataja karati na bei, ndipo alipofunga vichupa vyake, akaegemea kaunta na kusema, "Haya, sasa nisimulie." Na kweli alisikiliza, ingawa wateja wengine wakati huo walikuwa hawana tena hamu ya kusimulia.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya fundi viatu na watu wa kutoa kopi. Mlango ulikuwa wa nondo. Juu ya kaunta palitandikwa taulo ili pete zisiviringike, na juu ya taulo zilining'inia taa mbili, moja ya mwanga mweupe na moja ya mwanga wa manjano, kwa kuwa dhahabu ni kama mtu, alisema shangazi, lazima uione kwenye mwanga usioipenda. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Sonara, mwenye duka, mzee aliyezibwa sikio moja na miaka ya nyundo, na ambaye sikio la pili alilitumia pale tu alipotaka.

Dhahabu kuukuu ina bei mbili, na kazi yote ya shangazi ilikuwa katikati ya bei hizo. Kuna bei ya kuyeyusha: unapima uzito, unalipa, kitu kinaingia motoni na kutoka bila sura. Na kuna bei ya kuacha: kitu kimetengenezwa kwa mkono wa fundi aliyejua, hakijaguswa, na kuna mtu atakayekilipia kwa sababu kipo jinsi kilivyo. Mtu huyo kwao alikuwa Mkusanyaji, bwana wa shati jeupe la mikono mirefu aliyetokea mara chache kwa mwaka, akanywa maji, akanunua vizima tu. Kilichotiwa kiraka hakukigusa. Siku shangazi alipookoa kitu kutoka motoni, alitembea kurudi nyumbani akipiga mluzi kama dereva wa lori.

Alisoma dhahabu jinsi wengine wanavyosoma viganja. Mkufu uliolika upande wa ndani wa vipete vyake umevaliwa hata kulala. Bangili iliyobonyea sehemu moja ni ya mtu wa kuandika mezani. Kidani chenye vishimo vidogo pembeni kimeng'atwa na watoto wanaonyonya. Mwishowe mazoea ya kazi yalimtoka dukani yakaingia mitaani. Aliwapa watu karati. Mwenye nyumba wake alikuwa karati tisa, "tena amepakwa." Daktari wa meno, kumi na nane. Wachumba wake wote waliishia jiweni, hata mmoja mstari wake haukubaki. Mtaa mzima ulimwita Bi Karati, naye akaitika.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Katika ndugu zangu wote ni mimi niliyependa kukaa naye, labda kwa sababu sote wawili tunaweza kukaa chumbani muda mrefu bila kusema. Ndiyo maana naujua wivu wake vizuri. Niliuona ukiwa mdogo, nikauona ukikua, kama mtu anavyomwona mtoto wa jirani.

Ulianzia kwenye bangili ya bibi.

Bibi, mama yao baba na shangazi, alikuwa na bangili moja nene ya karati ishirini na mbili, iliyochongwa majani yanayofuatana kuzunguka mkono mpaka jani la mwisho likauma kikonyo cha jani la kwanza. Haikuwa na pini wala bawaba. Ilivalishwa kwa sabuni alipokuwa msichana na haikutoka tena. Shangazi alipokuwa mtoto, burudani yake ilikuwa kukaa miguuni pa mama yake na kuizungusha bangili ile polepole, jani moja, jani jingine, akitafuta mahali fundi alipokosea. Alipapata: jani moja lilikuwa na mishipa upande mmoja tu. Tangu siku hiyo alijua atafanya kazi gani, na alijua bangili itakuwa ya nani. Hakuna aliyemwambia. Alijua tu, kama unavyojua kitanda chako.

Kisha kaka yake akamwoa mama yangu.

Siku ya harusi, kama nilivyosimuliwa, shangazi alikuwa mpya kazini, na jiwe la kupimia alilibeba kwenye mkoba kila aendako, kama daktari mpya anavyovaa shingoni kile kipimo chake hata sokoni. Sebule ilijaa watu. Katika mzaha wa mawifi, akamwambia bibi harusi, "Wifi, lete hicho kidole, tuone kaka yetu amekuthamini kiasi gani." Mama akavua pete, akampa. Shangazi akasugua, akadondosha, akangoja. Sebule nzima ikangoja naye.

"Kumi na nne," akatangaza.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Baba, masikini, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Lakini ni nene!" Wakacheka upya. Mama naye alicheka, kwa mdomo. Tangu siku hiyo, nyuma ya mgongo wake, shangazi hakumwita mama kwa jina wala kwa cheo. "Kumi na Nne yupo?" aliniuliza akinipigia simu. "Kumi na Nne amepika nini?"

Bado huo haukuwa wivu, ulikuwa mzaha wenye miba. Wivu ulikuja bibi alipougua akahamia kwetu. Wakati ule Sonara alikuwa akifungua duka la pili katika mji mwingine, na shangazi ndiye aliyetumwa kulisimamisha. Alipiga simu kila mara, aliambiwa mama yake hajambo kiasi, akasema anakuja duka likishafunguliwa. Duka lilichelewa kufunguliwa. Alipofika, bibi alikuwa ameshazikwa.

Mama ndiye aliyempokea mlangoni, na mkononi mwa mama kulikuwa na ile bangili.

Walikumbatiana wakalia. Mama aliniambia baadaye kwamba katika kilio kile, alihisi vidole vya wifi yake vikishuka taratibu kwenye mkono wake mpaka vikaigusa bangili, vikaikamata, vikaizungusha kidogo, jani moja, jani jingine, kisha vikaiacha kama vimeungua. "Alikuwa amefiwa na mama yake," alisema mama, "nikaona si wakati wa kueleza." Wakati wa kueleza haukuja. Huwa hauji, usipoukamata.

Ikafuata miaka. Shangazi alikuja kwetu Jumapili, akakaa kiti kilekile, akazungumza na baba, akanikosoa nywele, na wala hakuutazama mkono wa mama hata mara moja. Lakini akinipata peke yangu jikoni alininong'oneza, "Ameivaa?"

"Hajaivaa, shangazi. Sijamwona nayo tangu msiba."

"Anaificha."

Safari nyingine nilimwambia imewekwa kabatini, iko kwenye soksi ya baba. "Kwenye soksi!" alisema, akaweka kikombe chini. "Mkono uliozaliwa kwa ajili yake upo hapa, na yenyewe inalala kwenye soksi." Kama mama angeivaa angekuwa anajionyesha, na kwa kuwa hakuivaa alikuwa anaificha. Nimewahi kufikiri kwamba raha pekee ya wivu ndiyo hiyo, kwamba kila jibu linakupa haki.

Halafu akageukia pete. Aligundua kabla yetu wote kwamba mama havai tena pete ya ndoa. "Mwanamke wa watu, kidole kitupu kama msumari uliopotelewa na picha. Kaiuza. Au anataka wanaume wadhani hana mume, umri wote ule!" Nilimwambia amuulize mwenyewe. "Nimuulize mimi? Mimi nani wake?"

Lakini kilichomla zaidi hakikuwa dhahabu. Niliona siku moja mama aliposema, bila kukusudia lolote, kwamba bibi alipenda chai ikiwa imepoa mpaka mwisho, iwe kama maji ya kisima. Shangazi alikoroga chai yake. "Mama alipenda chai ya moto," alisema. "Zamani ndiyo," mama akajibu, "mwishoni alipenda ya baridi." Shangazi alikunywa yake ikiwa bado ya moto. Alipokuwa akiondoka, mlangoni akanishika mkono. "Mimi nimetoka tumboni mle," aliniambia, "halafu wifi ananifundisha chai ya mama yangu."

Mwaka jana paa la nyumba yetu lilianza kuvuja. Lilivuja kwanza kwenye chumba alichofia bibi, kisha sebuleni, kisha kila mahali, mpaka tukawa tunahamisha ndoo kama wachezaji wa bao. Baba alikuwa amestaafu. Mama alitoa soksi kabatini akasema bangili itauzwa.

Baba aliinua mikono. "Wanawake wawili na bangili moja. Mimi simo."

"Hujawahi kuwemo," mama alimwambia.

Nilimuuliza mama kwa nini asiipeleke duka jingine, mji una masonara wengi. Alikuwa anaikunja soksi vizuri, kama inahitaji kukunjwa. "Kwingine atasikia kabla sijafika nyumbani," alisema. "Halafu, mwanangu, kama kuna mtu anayestahili kuishika kabla haijaondoka, ni yeye. Twende."

Shangazi alituona kupitia nondo, akajua. Sijui alijuaje, soksi ilikuwa ndani ya mkoba. Alitufungulia, akatupa stuli, akapangusa taulo ambalo halikuwa na vumbi.

"Karibuni. Leo mmekuja kama wageni au kama wateja?"

"Kama wateja, wifi," mama alisema. Akaitoa bangili, akaiweka kwenye taulo. "Ila kabla hujaipima, nataka kwanza nikwambie..."

Kidole kikainuka. "Kwanza dhahabu."

"Hata mimi, wifi?"

"Hasa wewe."

Alikuwa ameisubiri miaka mingi kiasi gani, na bado hakuishika mara moja. Aliitazama kwanza kwenye mwanga mweupe, kisha kwenye wa manjano, ndipo akaichukua. Akaizungusha kwa vidole viwili, jani moja, jani jingine, na niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anayasalimia. Akafika kwenye jani lenye mishipa upande mmoja, akatabasamu. Kisha vidole vikafika mahali vikasimama.

Alivaa lenzi.

"Nani ameikata?"

"Ndiyo niliyotaka..."

"Usinijibu. Naona mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya kazini, tulivu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Imekatwa hapa. Ikapanuliwa. Ikatiwa kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, dhahabu nyekundunyekundu, ya shaba nyingi. Na aliyechonga jani hili ni fundi wa kuchonga mihuri, si majani. Kingo bado kali." Akavua lenzi, akamtazama mama moja kwa moja, labda kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mkono wako haukuingia. Kwa hiyo ukaikata bangili ya mama yangu ili wewe uingie."

Nilifungua mdomo. Mama alinifinya goti.

"Jina lake nini, wifi?" shangazi aliendelea. "Nataka tu kujua. Fundi gani alikubali? Maana hata mwizi angeyeyusha yote, asingeiharibu hivi."

"Umemaliza kupima?" mama aliuliza.

"Bado bei." Akaiweka chini. "Ilivyo, ni ya kuyeyusha. Mkusanyaji haitazami hata kwa macho ya pembeni. Lakini kipande kikitolewa, ikarudishwa ilivyokuwa, ni ya kuacha. Ni juu yako."

"Bei ipi inaezeka nyumba?"

"Ya kuacha tu. Ya kuyeyusha itakuezekea choo."

Mama alikuwa ameshika kidole chake cha pete kwa mkono wa pili, anakisugua kama kina baridi. "Basi kitoe," alisema.

Shangazi alisimama upesi mno kwa mtu wa umri wake. Mlango wa chumba cha nyuma ulibaki wazi na tukasikia yote.

"Hii si ya kwenu?" ilikuwa sauti ya Sonara. "Nilikufundisha nini? Dhahabu ya nyumbani haipimwi na wa nyumbani. Mpe mwingine, hata kama ni mimi mzee."

"Ni ya nyumbani kwake," shangazi alijibu. "Si kwangu. Kata."

Msumeno mdogo wa sonara hauna sauti kubwa. Unalia kama mbu. Ulipoanza, mama alifumba macho, na ulipokata mara ya pili akakifunika kile kidole kabisa. Kisha tukasikia moto wa gesi ukivuma, kisha tss ya chuma cha moto kwenye maji, kisha tupa ikisugua, kisha kitambaa. Shangazi alirudi na bangili kwenye kiganja kimoja, na kipande kwenye kingine, akakiacha kipande kwenye taulo kama ganda la karanga.

"Lazima nione kama imeviringika sawa," alisema, na bila sabuni, akiibana tu mifupa ya mkono, akaivaa.

Iliingia. Mkono wake ulikuwa mkono wa bibi, hatukuwa tumeona kabla. Jani likauma kikonyo cha jani. Alinyoosha mkono chini ya taa ya manjano, na uso wake ukawa wa msichana aliyekaa miguuni pa mtu. Nilitazama kando. Kuna furaha za watu ambazo si vizuri kuzishuhudia, zimekaa uchi mno.

Kisha mazoea yakamrudisha. Kila kinachotoka kwenye mali ya mteja hupimwa, hata vumbi. Akachukua kile kipande, akakisugua kwenye jiwe, akadondosha, akangoja. Akachagua kichupa kingine, akadondosha tena.

"Kumi na nne," alisema, kwa sauti ileile ya sebuleni.

Neno lilimtoka kabla ya akili yake kufika. Ilipofika, nilimwona akiganda. Aliutazama mstari kwenye jiwe. Akavaa lenzi, akakigeuza kipande upande huu na ule. "Kingo kali," alijisemea. "Hakikulika. Hiki hakijavaliwa hata..." Alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo, alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, akalipita. Bangili iliyopanuliwa kwa ajili ya maringo ingevaliwa, na kama ingevaliwa ingelika. Hilo angelisoma usingizini kwenye bangili ya mtu mwingine yeyote.

Akainua macho taratibu mpaka kwenye mkono wa mama, kwenye kile kidole kilichofunikwa.

"Wifi. Pete yako iko wapi?"

Mama akaegemea kaunta. "Haya," alisema, "sasa nikusimulie?"

Hakusimulia kwa urefu. Mkono wa bibi ulivimba, bangili ikaingia ndani ya nyama, vidole vikawa vyeusi. Daktari alisema ikatwe siku ileile. Ilikatwa. Lakini bibi hakuweza kulala bila bangili. Usiku kucha aliushika mkono mtupu akiutafuta, akiuliza nani kaiba. Mama akaenda kwa fundi wa sokoni, wa kuchonga mihuri, ni yeye tu aliyekubali kufanya haraka. Fundi akasema ipanuliwe, na kupanua kunahitaji dhahabu. Dhahabu iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja. "Bahati ilikuwa nene," mama alisema. "Ulikuwa hujui kwa nini ni nene. Kaka yako aliona aibu ya karati, akaongeza unene."

Shangazi hakucheka. Bangili ilikuwa bado mkononi mwake.

"Aliivaa siku chache tu. Alipofariki niliitoa nikaivaa mimi, nyumba ilijaa watu, ningeiweka wapi? Alikuwa ameniambia nikae nayo. Alisema dhahabu zetu zimeshachanganyika, hakuna atakayezitenganisha."

Sote watatu tulikitazama kile kipande juu ya taulo.

"Ulipomrudishia," shangazi aliuliza, na sauti ya kazini ilikuwa imekwisha, "alisemaje?"

"Aliizungusha. Akapata lile jani la kiraka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Mpelekee binti yangu aipime. Mafundi wa sokoni ni wezi.'" Mama alisita. "Kila siku aliuliza. 'Umempelekea? Kasemaje?'"

"Mbona hukuniletea?"

"Ulikuwa mbali."

"Ungenipigia. Ungeniambia tu mama ananiulizia, ningefunga duka lile kwa mateke ningekuja."

"Ningekuambia, ungekuja, ungetoa jiwe." Mama aliongea kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba wa mwenzake. "Ungesema kumi na nne mbele yake, wifi, naye alikuwa haijui karati ya pete yangu, siku ya harusi alikuwa jikoni. Nikasema ngoja apate nafuu, nitakuita pembeni. Nilikosea. Hakupata."

Feni ililalamika. Kwa fundi viatu mtu alikuwa akigonga kisigino. Shangazi alianza kuivua bangili, na kama ilivyokuwa imeingia kwa urahisi, haikutaka kutoka. Alikwenda bombani akapaka sabuni. Alirudi mkono umekuwa mwekundu.

"Ibaki kwako," mama alimwambia. "Kweli. Paa litavuja tu, limeshazoea."

"Hapana."

"Ilikuwa yako tangu zamani, mimi najua."

"Usinipe." Aliifuta sabuni kwenye kila jani, moja moja. "Kama mama angenipa, sawa. Kukupora, ningekupora. Lakini wewe unipe kitu cha mama yangu kwa mkono wako, kwa moyo mzuri, halafu niseme asante? Siwezi, wifi. Wivu wangu hautaki kupewa."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya haki.

Mkusanyaji alikuja baada ya muda. Shangazi alimwonyesha mwenyewe mahali ilipokatwa na mahali ilipounganishwa. Sonara alipata kusikia kwa sikio zima siku hiyo, akapiga kelele kwamba Mkusanyaji hakuwa ameuliza. Mkusanyaji akashusha bei. Shangazi akampigania kama anampigania mtoto, akamfungia mlango wa nondo asitoke, akamzungushia jani baada ya jani, akamwonyesha lile lenye mishipa upande mmoja. Mwishoni akasema kitu ambacho Sonara alinisimulia akiwa bado haamini, maana ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya duka lile. Alisema, "Kaa chini, kwanza nikusimulie."

Nyumba iliezekwa.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuja, akatazama juu, akasema mabati yamepigwa misumari na walevi. Akakaa kiti chake. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi ndogo iliyokunjwa, akaisukuma mezani kuelekea kwa mama. Ndani kulikuwa na pete.

"Nimemwambia Sonara asiongeze kitu," alisema. "Wala asipunguze."

Mama aliitazama muda mrefu. "Kumi na nne?"

"Kumi na nne. Ulidhani dhahabu inakua?"

Baba alikohoa kutoka upande wake wa sebule. "Sasa si nene tena," alisema, na kwa mara nyingine hakuna aliyemjali.

Haikuingia. Kidole cha mama kilikuwa kimenenepa kwa miaka. Nilileta sabuni na bakuli la maji, na shangazi akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akauchukua mkono wa mama, akaanza kuisukuma pete polepole, akizungusha. Sikumbuki kuwaona wameshikana mikono kabla ya hapo, isipokuwa siku ya msiba.

Pete ilipopita fundo, hakuuachia mkono. Aliugeuza, akatazama kiganja, akatazama kucha, akaubonyeza kwenye nyama ya kidole gumba kama anatafuta alama ya fundi.

"Ni huu uliokuwa unamlisha?"

"Ndiyo huo."

"Na wa kumgeuza kitandani?"

"Yote miwili. Alikuwa mzito mama, usione vile."

Shangazi alikuwa bado ameushika. Maji ya sabuni yalikuwa yanamdondokea kwenye gauni.

"Kungekuwa na namna," alisema, "ningeukata nikauvaa mimi."

Mama alicheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka.